Kuingiza Faili na Folda Zilizokwisha Kuwapo katika Programu ya Kuandikia yenye Muundo wa Mti: Mfano wa Data ya Londiani

Ikisiri

Watafiti wengi wa Kiswahili huanza kuhifadhi data katika tarakilishi kabla ya kuufikiria mpangilio wake. Makala haya yanaeleza namna ya kuingiza faili na folda zilizokwisha kuwapo katika Leo, programu huru ya kuandikia msimbo na matini kwa muundo wa mti. Tunashikilia kwamba kuingiza faili ni kitendo cha uchanganuzi, wala si cha uandishi upya. Kwa hiyo faili inayotoka ndani ya mti sharti iwe ile ile iliyoingia.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mtafiti wa fasihi simulizi ni data yake. Kwa ajili ya tasnifu ya uzamili nilikusanya hadithi zinazosimuliwa kwa Kiswahili katika mji wa Londiani na kandokando ya mashamba ya chai ya Kericho, ambako watu wa jamii mbalimbali hukutana kazini na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Nilizinakili katika faili 48 za matini. Pamoja nazo nilikuwa na faili sita za msimbo wa Python, programu ndogondogo za kuhesabu maneno na viambishi. Baada ya miaka miwili folda zilikuwa zimezaa folda, nami sikujua tena kipi kilikuwa wapi.

Ndipo nilipoigeukia Leo. Niliingiza kila kitu kwa siku moja, kwa njia ya kwanza niliyoiona, bila kusoma maelezo. Nilipohesabu maneno upya, neno "hadithi" lilikuwa limepanda hadi miongoni mwa maneno yanayotumika zaidi. Niliandika kurasa mbili kueleza kuwa hiyo ni athari ya fomula za ufunguzi, ambapo msimulizi huita na hadhira huitikia. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: ni wasimulizi gani hao? Niliporudi kwenye faili niliona kwamba neno lile halikutoka kinywani mwa msimulizi yeyote. Lilitoka katika vichwa nilivyoviandika mimi mwenyewe, ambavyo programu ilikuwa imevitia ndani ya faili kama nilivyoiamuru bila kujua. Kurasa zile mbili nilizifuta. Makala haya yameandikwa ili mwenzangu asizifute zake.

2.0 Mti wa Faili na Matawi ya Sentensi

Kila aliyesoma sarufi ya shule ya upili nchini Kenya amewahi kuambiwa achanganue sentensi kwa matawi. Sentensi huwekwa juu, hugawanywa katika kikundi nomino na kikundi tenzi, na kila kikundi hugawanywa tena hadi neno moja moja. Mchoro huo hauongezi neno katika sentensi wala haupunguzi. Ukisoma maneno ya chini kutoka kushoto kwenda kulia, unaipata sentensi kama ilivyotamkwa.

Leo, iliyobuniwa na Edward K. Ream na kuandikwa kwa lugha ya Python, hufanya vivyo hivyo kwa faili. Kila kifundo cha mti kina kichwa, yaani jina lake, na kiwiliwili, yaani matini yenyewe. Faili ya msimbo inapoingizwa, programu huisoma kwa kuzingatia lugha yake na kuigawanya: kila kipande kinachotenda kazi mahususi hupewa kifundo chake. Hata nafasi za pambizoni, ambazo katika Python zina maana, hurudishwa mahali pake faili inapoandikwa. Faili ya matini ya kawaida aghalabu huingia ikiwa nzima katika kifundo kimoja, na ni mtafiti anayeigawanya kwa mkono.

3.0 Nani Awe Mwenye Mali: Faili au Mti?

Kabla ya kuingiza chochote, mtafiti aamue kama mpangilio wa mti utahifadhiwa, na kama ndiyo, utahifadhiwa wapi. Uamuzi huo huonyeshwa na neno linalotangulia jina la faili katika kichwa cha kifundo.

(a) @auto: Faili ndiyo mwenye mali. Mti hujengwa upya kutokana na faili kila unapofunguliwa, na mpangilio wako wa ziada haudumu. Njia hii yafaa kwa msimbo wa mtu mwingine unaotaka kuusoma tu.

(b) @clean: Faili hubaki safi, bila alama yoyote ya ziada, na mpangilio huhifadhiwa katika faili ya Leo yenyewe. Mwenzako akiibadilisha faili kwa programu nyingine, Leo hulinganisha na kuyaingiza mabadiliko yake katika vifundo vinavyohusika. Ukiipoteza faili ya Leo, unapoteza mpangilio lakini maneno yanabaki.

(c) @file: Mpangilio huandikwa ndani ya faili kwa mistari ya alama za mipaka, ambamo vichwa vya vifundo pia huandikwa. Kwa msimbo hakuna madhara, maana alama hizo ni maelezo ambayo tarakilishi huyaruka. Tena wanaoshirikiana hupata mpangilio mmoja. Lakini kwa hadithi itakayohesabiwa maneno, alama hizo ni maneno ya mgeni katika kinywa cha msimulizi. Hili ndilo lililokuwa kosa langu.

Kwa data ya fasihi, basi, tunapendekeza @clean.

4.0 Hatua za Kuingiza

Mtu aliyelelewa Londiani, penye chuo cha misitu, anajua kuwa mche hauhamishwi pasipo udongo wa mizizi yake, wala kitalu hakiondolewi siku ile ile. Hatua zifuatazo zimefuata busara hiyo.

Kwanza, tengeneza nakala ya folda nzima na uiweke kando. Kazi yote ya kujaribu ifanyike kwenye nakala.

Pili, kagua usimbaji wa herufi. Faili za zamani zilizotoka katika programu za ofisi huwa na ritifaa iliyopinda katika maneno kama ng'ombe na ng'oa. Faili isiyo ya UTF-8 ikisomwa kama UTF-8, herufi hiyo huharibika, na "ng'ombe" wawili huhesabiwa kuwa maneno mawili tofauti.

Tatu, ingiza faili moja tu kwa amri ya import-file, uone ilivyogawanyika. Ukiridhika, ingiza folda nzima pamoja na folda zilizomo ndani yake kwa amri c.recursiveImport. Amri hiyo huambiwa mambo matatu makuu: mahali folda ilipo, aina ya kifundo (hapa '@clean'), na viishio vya majina ya faili zinazotakiwa, kama '.py' na '.txt'. Usiache kutaja viishio, la sivyo ni faili za '.py' tu zitakazoingia mtini.

Nne, unapoigawanya hadithi kwa mkono, hakikisha kifundo mama kina neno @others mahali ambapo vifundo vya chini vinapaswa kuingia. Lisipokuwapo, maneno ya vifundo hivyo hayataandikwa katika faili.

Tano, fanya jaribio la matawi. Badilisha herufi moja, hifadhi, kisha linganisha faili na nakala uliyoiweka kando, kwa amri ya diff katika Linux au fc katika Windows. Tofauti iwe herufi ile tu. Ikizidi hapo, simama na utafute sababu kabla ya kuingiza faili ya pili.

5.0 Hitimisho

Baada ya kuingiza upya kwa @clean na kuhesabu tena, neno "hadithi" lilirudi mahali pake pa chini, na kilichobaki juu ni maneno ya wasimulizi wenyewe. Mti unanisaidia sasa kuona hadithi zote za mjane, au zote za sungura, zikiwa pamoja bila kunakili faili hata moja, kwa kuwa kifundo kimoja chaweza kuonekana katika matawi mawili. Faida hiyo ni kubwa, lakini ni ya mchanganuzi. Mzee aliyeketi nami Londiani jioni ya baridi hakusimulia vifundo, alisimulia hadithi. Mpangilio ni wetu, maneno ni yake, na faili ya data haina budi kuonyesha tofauti hiyo.