Gunia Chini ya Kitanda

*Shangazi, mume wangu na wenzake watatu wanaingia mgodi wa zamani wa Shinkolobwe usiku kutafuta kobalti iliyobaki. Wanasema Wabelgiji walitaka urani tu, mengine waliyaacha. Gunia la mawe ya majaribio liko chini ya kitanda chetu, na watoto wawili wanalala chumba hichohicho. Sasa anataka niuze friza ninayowekea samaki wa biashara ili wanunue mashine ya kuvuta maji shimoni. Nikikataa, anasema namrudisha nyuma. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Likasi*

Mwanangu, weka gazeti chini kwanza, ukalitoe hilo gunia. Lisifunguliwe, lisimwagwe, na mtu asipondeponde mawe uani ili kuona yana nini ndani. Likae mbali na nyumba, mahali watoto hawafiki. Wala msilitupe mtoni au kwenye kiwanja cha jirani. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji; ufagio utainua vumbi, na vumbi ndilo tusilolitaka. Ukimaliza, nawa, urudi tuzungumze.

Mawe yenye urani hutoa gesi ya radoni. Haina rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa mbu huikusanya vizuri sana. Mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea saratani ya mapafu, na mvuta sigara ndiye aliye hatarini zaidi. Sisemi wanao wameshaugua. Siku chache si miaka. Nasema wasilale nayo hata leo.

Sasa mumeo. Usimwite mjinga, kwa sababu hesabu yake ina msingi. Mgodi ule uligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière ilipoanza kuchimba mwaka 1921 ilikuwa inasaka radiamu. Urani yenyewe haikuwa na soko la maana. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, urani hiyohiyo ikapelekwa Marekani na kuingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mgodi ukafungwa karibu na uhuru wa Kongo, mashimo yakazibwa kwa zege. Miaka ya tisini mwishoni watu wakarudi kwa maelfu, safari hii wakifuata kobalti. Kila kizazi kimekuta mali pale wenzao walipoona kifusi. Kwa hiyo akisema kuna kilichobaki, mkubalie.

Anapokosea ni hapa: Shinkolobwe kobalti na urani vimelala kitanda kimoja. Madini ya kobalti wanayoyafuata ni meusi. Madini ya urani nayo yanaweza kuwa meusi, na mazito ajabu, kiasi kwamba mchimbaji asiyejua hulifurahia jiwe hilo akidhani amepata. Macho hayatenganishi, nyundo haitenganishi. Hata wenye viwanda inawasumbua: mwaka 2018 kampuni kubwa ya Kamoto, kule Kolwezi, ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu ilikutwa na urani kupita kiwango kinachoruhusiwa bandarini. Basi yule mnunuzi wa depo ya madini atakayenunua gunia la mumeo usiku, bila kuuliza limetoka wapi, unadhani hajui? Anajua, na kujua kwake kutakatwa kwenye bei.

Kutafuta madini kwa kweli ni kazi nyingine kabisa. Mjiolojia huanza na ramani za zamani, hupima mionzi juu ya ardhi, hutoboa kwa mashine, na vipande vinavyotoka chini hupelekwa maabara. Miezi inapita, fedha zinatoka, na jibu linaweza kuwa hakuna kitu. Watu wanne wenye tochi hawatafiti, wanabahatisha. Tena mahali penyewe pamefungwa kwa amri ya rais tangu Januari 2004, na Julai mwaka huohuo ardhi iliporomoka ikaua watu wanane. Ukivuta maji kwenye shimo la zamani, kuta zilizokuwa zikiegemea maji hayo zinabaki bila egemeo. Na maji yenyewe mtayamwaga wapi? Muulize hilo, kwa sauti ya chini, akiwa ameshiba.

Muulize pia nani kati ya hao wanne ana karatasi yenye jina lake. Kama mkono wake ni wa mgodi, asiuache; ajiunge na ushirika unaotambuliwa, wenye eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo. Fedha itakuja polepole, najua, na karo haingoji.

Gunia msilipakie kwenye basi kwenda kulipima. Najua ataogopa kuulizwa alikolitoa, na hofu hiyo ina sababu. Mtafuteni mtu mnayemwamini, padri au mzee anayejua kusema na wakubwa, atangulie kwenye ofisi ya madini au kwa walimu wa jiolojia pale chuo kikuu cha Lubumbashi, aombe aje mtu mwenye kipimo cha mionzi.

Mpaka hapo, viatu na nguo za shimoni zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Friza usiuze. Na kama ina kufuli, ufunguo utembee nawe.