Kampuni inatumia kazi yangu lakini hainilipi

Swali: Nilibuni nembo na vifungashio vya kampuni moja hapa Nairobi kwa makubaliano ya shilingi 85,000. Nililipwa 20,000 za kuanzia. Sasa bidhaa ziko madukani, nao wanadai kazi haikuwaridhisha. Hatukutia saini mkataba. Nifanyeje?

Jibu: Kukosa saini hakukunyimi haki yako. Ujumbe wa WhatsApp ambamo mliafikiana bei, rekodi ya M-Pesa ya zile 20,000 na picha za bidhaa zikiwa madukani ni ushahidi. Kampuni isiyoridhika na kazi haiichapishi na kuuzia bidhaa zake. Hoja hiyo ndiyo nzito zaidi, itangulize.

Waandikie barua ya madai, uwape siku 14, nawe ubaki na nakala. Wakinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, waweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inaitaka itoe hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa.

Usiwaanike mitandaoni, wanaweza kukushtaki kwa kuwachafulia jina. Na faili asilia za michoro, kama bado unazo, usizikabidhi kabla ya kulipwa 65,000 zako zote.