Sehemu Maalumu Inapopotea Katika Faili la Objekti

Data iliyowekewa sehemu yake maalumu ikikosekana kwenye programu iliyokamilika, lawama hukimbilia kompaila. Mara nyingi kompaila haihusiki. Mtaalamu makini hukagua kila hatua peke yake kabla ya kutoa hukumu.

Katika GCC na Clang, sehemu huombwa kwa `__attribute__((section("orodha")))`. Msimbo ukompailiwe kwa `-c`, kisha faili la objekti lisomwe kwa `readelf -S`. Sehemu ya `orodha` ikionekana na ukubwa wake si sifuri, kompaila imetimiza wajibu wake. Isipoonekana, huenda kigeu ni `static` kisichotumiwa popote, kikaondolewa wakati wa kuboresha msimbo. Sifa ya `used` hukibakiza. Ujumbe wa mgongano wa aina ya sehemu, kwa upande wake, kwa kawaida hutokana na kuchanganya data ya `const` na isiyo `const` chini ya jina moja.

Linka ndiyo yenye visa vingi. Chaguo la `--gc-sections` hufuta sehemu zisizorejelewa, na `used` pekee si kinga ya kutegemewa. Hapo huhitajika `KEEP` katika skripti ya linka, au sifa ya `retain` iliyoingia GCC 11, mradi asembla na linka ziwe zinaitambua. Hata hivyo, faili lililomo ndani ya maktaba tuli lisipohitajiwa na alama yoyote halichukuliwi kamwe, na `KEEP` haiwezi kuokoa kisichoingia. Ramani inayotolewa kwa `-Wl,-Map=ramani.txt` huonyesha kilichoingia na kilichotupwa. Inashangaza ni wangapi hawaifungui.

Majina nayo yana masharti. Linka ya GNU hutengeneza alama za `__start_orodha` na `__stop_orodha` ikiwa tu jina la sehemu linakubalika kama kitambulisho cha C, hivyo `.orodha` yenye nukta haipati alama hizo. Kwenye macOS huandikwa `__DATA,orodha`, na kila upande wa mkato hauzidi herufi 16.

Ikithibitika kwamba kosa ni la kompaila, taarifa kwa watunzaji wake iambatane na toleo, amri kamili na mfano mdogo kabisa unaorudia kosa. Mfano huo uandikwe upya. Msimbo wa mwajiri ni mali yake, na hautolewi nje bila idhini yake.