SOMO LA KIKUNDI: NANI KIJANA, NANI MZEE?

Lengo la somo: Kuona kwamba umri si hesabu ya miaka peke yake. Jamii ndiyo inayotupa majina ya mtoto, kijana na mzee, na majina hayo yaweza kumwinua mtu au kumuumiza.
Muda: Saa moja na nusu.



Anzeni kwa zoezi fupi. Kiongozi aseme, "Vijana wote wasimame!" Pengine mwanamume wa miaka 40 ambaye hajaoa atasimama, na mama wa miaka 20 mwenye watoto wawili atabaki ameketi. Waulizeni kwa nini. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

1. Mila zilihesabu hatua
Wazee wetu hawakuuliza, "Una miaka mingapi?" Waliuliza, "Wewe ni wa rika gani?" Kwa Wamaasai, wavulana huandaliwa kwa sherehe ya Enkipaata, morani hunyolewa nywele katika Eunoto, na Olng'esherr humwingiza katika uzee. Kwa Wakalenjin, majina ya marika kama Maina, Chumo, Sawe na Nyongi huzunguka na kurudi tena baada ya vizazi kadhaa. Mtu akitaja rika lake, unajua mara moja utamsalimu vipi.

Kwa kina mama, hatua kubwa ilikuwa ndoa na uzazi. Akijifungua, anaitwa mama fulani. Asiyezaa, wengine humwita msichana hata akiwa na mvi.

Mila hizi zilikuwa na faida, maana kila hatua ilikuwa na kazi yake na walimu wake. Lakini ziliumiza pia. Msichana wa miaka 13 akishakeketwa, aliambiwa, "Sasa wewe ni mwanamke," akaozwa. Mwili wake ulikuwa bado wa mtoto.

2. Serikali nayo ina hesabu yake
Kwa Katiba ya 2010, mtoto ni mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kijana ni kuanzia 18 mpaka kabla ya kufikisha 35. Mzee ni aliyefikisha 60. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza kuoza mtu yeyote chini ya miaka 18. Tena kuna pesa za wazee za Inua Jamii, ambazo tangu 2018 zimekuwa za waliofikisha miaka 70: shilingi 2,000 kwa mwezi.

Hata hesabu ya serikali hubadilika. Mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali uliongezwa kutoka 55 hadi 60. Kwa hiyo mtu wa miaka 57, ambaye zamani angekuwa nyumbani na jina la mstaafu, sasa yuko kazini. Nguvu zake ni zile zile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu.

3. Hesabu zikigongana, nani anaumia?
Kijana wa miaka 30 hana shamba, hajaoa, anaishi kwa baba yake. Akitaka kusema barazani anaambiwa, "Nyamaza wewe, mtoto!" Wakati wa kampeni anaitwa "nguvu ya taifa", lakini kura zikiisha anasahauliwa.

Mzee naye yuko taabuni. Huko Kilifi, wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna ugomvi wa shamba. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze ili kuokoa maisha. Wako waliopaka nywele rangi nyeusi. Mvi, ambazo zilikuwa taji, zimegeuka kuwa hatari! Miaka haikumfanya mzee mchawi. Ni sisi tuliompa jina hilo, au tuliosikia likitajwa tukanyamaza.

4. Kikundi kifanye nini?
- Wekeni angalau kijana mmoja na mzee mmoja katika kamati, wenye haki ya kupiga kura.
- Angalieni vitambulisho vya wazee. Wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia. Kama umekosewa, mzee asindikizwe ofisi ya usajili ili asikose haki yake.
- Mkisikia mzee anaitwa mchawi, msingoje. Mwende kwake siku hiyo hiyo, mkiwa wengi, na mjulishe chifu na polisi.
- Msichana akitakiwa kuozwa, toeni habari mapema. Kukeketwa hakumfanyi mtu mzima.
- Mzee akitaka kugawa shamba, afanye hivyo angali hai, mbele ya mashahidi.

Maswali ya kujadiliana
1. Hapa kwetu, ni jambo gani humfanya mtu aitwe mtu mzima: miaka, ndoa, mtoto, au mali?
2. Methali yasema, "Penye wazee haliharibiki neno." Je, ni kweli siku zote? Vijana wakinyamazishwa, neno haliharibiki?
3. Katika kijiji chetu, ni mzee gani anaishi kwa hofu? Nani atamtembelea wiki hii?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la tatu. Andikeni jina la atakayekwenda na siku atakayokwenda, na mkutano ujao alete habari.