Mume au Mke Anapochanganyikiwa kwa Maradhi ya Ini: Uuguzi Wake na Fiqhi Yake



Mchukulie mke anayemuuguza mumewe mwenye ini lililojaa makovu. Saa nane za usiku mume yu macho, amevaa viatu, anataka kwenda sokoni. Akizuiwa anatukana, kisha anatamka, "Nimekuacha." Mchana wake analala fofofo, na akiamka hakumbuki hata neno moja. Jirani mmoja anasema ni jini. Mwingine anasema talaka imepita, mama afungashe.

Mafakihi wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe. Kwa hiyo tuanze na ini.

Chakula kikisagwa tumboni, bakteria wa utumbo hutoa sumu iitwayo amonia. Ini zima huidaka sumu hiyo na kuigeuza urea, ambayo hutoka kwa mkojo. Ini likishaota makovu, kwa homa ya ini B, kwa pombe au kwa sababu nyingine, damu nyingi hupita pembeni bila kusafishwa, na sumu hufika kwenye ubongo. Kwanza usingizi hupinduka, usiku ukawa mchana. Kisha tabia hubadilika, mtu mpole akawa mkali, au akasahau njia ya msikiti aliyoijua miaka 20. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesimamisha gari: utaviona vinapigapiga kama mbawa. Akiachwa, husinzia, na mwisho huzimia asiamke. Hali hii huja na kuondoka, na ndiyo maana watu hudhani ni mashetani. Kisomo msomee, ni sunna na ni faraja, lakini kisiwe sababu ya kuchelewa hospitali.

Mara nyingi kuna kitu kilichoichochea: kufunga choo, maambukizi, kutapika damu au kupata choo cheusi, kuishiwa maji kwa sababu ya dawa za kukojoa, au vidonge vya usingizi. Hivyo vidonge vya usingizi ni mtego mkubwa. Mgonjwa halali usiku, nyumba nzima imechoka, mtu anakwenda duka la dawa kwa nia njema, na asubuhi mgonjwa haamki. Usimpe bila daktari wake kujua. Dawa za miti tusizozijua nazo ni hivyo hivyo.

Dawa kuu ni laktulosi, sukari ya maji ambayo haimeng'enywi. Huitega amonia utumboni na kuitoa kwa choo. Kipimo chake hakiangaliwi kwa kijiko tu bali kwa choo chenyewe: mgonjwa apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Asipopata, sumu inajikusanya; akiharisha mara 8, anaishiwa maji na akili inaharibika zaidi. Kwa hiyo anayeuguza awe na daftari: choo mara ngapi, amelala saa ngapi, leo anajua ni siku gani. Daktari atafaidika na daftari hilo kuliko maelezo ya "yupo yupo tu". Hali ikirudi tena na tena, huweza kuongezewa dawa ya rifaksimini. Akisinzia asiamshike vizuri, akitapika damu au akipata homa, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Chakula nacho kimezungukwa na ushauri wa zamani. Wengi bado humnyima mgonjwa maharage, maziwa na mayai kwa kuogopa protini. Leo wataalamu wanasema kinyume: misuli ikikonda, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na asilale bila kula kitu. Hapa ndipo Ramadhani inapogusa. Mwenye ini lililofika hatua hii, kukaa na njaa kutwa humdhuru, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Aliyeambiwa hivyo na daktari mwaminifu asijitie ushujaa.

Sasa sala. Katika hadithi mashuhuri ya kalamu, asiyekuwa na akili haandikiwi mpaka akili imrudie. Katika madhehebu ya Shafii, sala zilizompita akiwa amepotewa na akili bila kosa lake hazilipi. Lakini akizindukana kabla ya jua kuzama, hata kwa kadiri ya takbira moja, na akabaki na fahamu kiasi cha kujitwaharisha na kusali, Alasiri inamlazimu, na Adhuhuri pamoja nayo. Mke asimwamshe kwa kumlaumu wala asimfiche kwamba wakati umeingia, amwambie tu. Kuhusu choo cha dawa, mara 3 kwa siku si udhuru wa kudumu: atatawadha kama kawaida. Ikiwa kinamtoka bila kujizuia, atajisafisha, atajifunga, atatawadha baada ya wakati kuingia na kusali papo hapo.

Na talaka? Maneno ya aliyepotewa na akili hayavunji ndoa. Wapo watakaosema, "Lakini ini aliliharibu mwenyewe kwa pombe, na mlevi talaka yake hupita." Hapa tuwe makini. Khilafu ya wanazuoni ni juu ya aliye mlevi wakati anatamka, na hata huyo, Uthman bin Affan (r.a.) amepokewa akiona talaka yake haipiti. Aliyeacha pombe akatubu, kisha akaugua, yeye ni mgonjwa, na kwa maoni yangu kumhesabu mlevi ni dhulma. Kwa kuwa fahamu huja na kuondoka, ikitokea shaka jambo lipelekwe kwa kadhi pamoja na maelezo ya daktari, si kwa jirani.

Uthman huyo huyo hakwenda Badr, mwaka wa 2 Hijria, kwa sababu mkewe Ruqayya (r.a.), binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume ndiye aliyemwacha amuuguze, akampa fungu la ngawira na kumhesabia ujira wa aliyehudhuria. Akina kaka wanaodhani kuuguza ni kazi ya wanawake waisome tena sira hiyo. Na ndugu wa mgonjwa wasimwachie mwenziwe peke yake zamu za usiku. Naye ana haki ya kulala.

Mambo mawili yasingoje. Kama chanzo ni homa ya ini B, mume au mke apimwe, na asiye nayo achanjwe, maana huambukizwa kwa damu na kwa tendo la ndoa. La pili ni wasia na madeni. Yaandikwe mbele ya mashahidi siku ambayo akili yake iko wazi, kwani atakachouza au kugawa akiwa amechanganyikiwa hakisihi, na zawadi anazotoa katika maradhi ya mauti huhesabiwa ndani ya theluthi moja ya mali yake. Wallahu aalam.