Upatanisho wa Mahali katika Maelezo ya Mandhari

Lengo
Kufikia mwisho wa somo hili, mwalimu tarajali aweze kutofautisha viambishi pa-, ku- na m- vya ngeli ya mahali, na kueleza chanzo cha makosa ya wanafunzi.

Utangulizi
Insha ya mandhari hupima vizuri umilisi wa ngeli ya mahali. Tukisema "Mlima ni mzuri", tunausifu mlima wenyewe. Tukisema "Mlimani ni pazuri", tunasifu mahali. Mwanafunzi anayeandika *"Mlimani ni mzuri" amevichanganya vitu hivi viwili. Tusome kifungu kifuatacho.

Kifungu
Asubuhi moja ya vuli tunaondoka Kabale kuelekea Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mjini kumepoa kwa mvua ya usiku. Barabara inapanda kwa kona nyingi, na vilimani kote kumekatwa matuta ya viazi na mtama. Tunatazama chini: ziwani Bunyonyi kumetanda ukungu, na visiwa vinachomoza kimoja kimoja. Tunaingia msitu wa Echuya. Msituni mna mianzi mirefu, na ndani mwake mmetulia. Tunapofika Kanaba, pepo za mlima zinatupokea, na mbele yetu imesimama milima mitatu ya volkano: Muhabura, wenye mita 4,127, kisha Mgahinga na Sabinyo. Kileleni pa Sabinyo panakutana mipaka ya nchi tatu: Uganda, Rwanda na Kongo.

Uchambuzi
(a) Pa- huonyesha mahali mahususi. Kilele ni mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ndiyo sababu ya "panakutana".
(b) Ku- huonyesha eneo pana au lisilo na mipaka dhahiri: "vilimani kumekatwa", "ziwani kumetanda".
(c) M- huonyesha undani: "msituni mna", "ndani mwake mmetulia".

Tulinganishe sentensi mbili:
1. Ukungu umetanda ziwani.
2. Ziwani kumetanda ukungu.

Katika sentensi ya kwanza kiima ni "ukungu", na kitenzi kinaufuata. Katika ya pili kitenzi kinapatana na "ziwani". Msomaji hufikishwa kwanza mahali, kisha huonyeshwa kilichopo. Ndivyo msafiri aonavyo njiani, na ndiyo maana muundo wa pili hufaa sana katika maelezo ya mandhari. Mwanafunzi asiyeumiliki hana budi kuorodhesha vitu tu.

Makosa na Chanzo Chake
Wanafunzi wetu wengi huandika *"katika mlimani" au *"ziwani imetanda ukungu". Kiganda husema "ku lusozi". Kinyarwanda na Kirundi husema "ku musozi". Katika lugha hizo alama ya mahali hutangulia nomino, ilhali Kiswahili huweka -ni mwishoni: "mlimani". Mwanafunzi anayetafuta neno la kutanguliza huongeza "katika", na mahali pakawekewa alama mara mbili. Aseme ama "katika mlima" ama "mlimani".

Mwalimu asiishie kutia alama ya mkasi. Amwonyeshe mwanafunzi kwamba ku na mu anazo tayari katika lugha yake ya kwanza. Jipya ni nafasi ya alama hiyo na upatanisho wa kitenzi. Anayeelewa hivyo hujisahihisha mwenyewe.

Tanbihi
Katika matini zilizotafsiriwa, "vuli" hutumiwa pia kwa majira ya Ulaya ambayo majani hugeuka rangi na kupukutika. Katika kifungu chetu ni msimu wa mvua za mwisho wa mwaka. Mwalimu aeleze tofauti hiyo kabla ya kusomesha matini ya aina yoyote kati ya hizo.

Zoezi
1. Sahihisha, kisha eleza kosa: *"Bondeni imejaa maji." *"Katika msituni kuna ndege."
2. Geuza mahali pawe kiima: "Watu wengi wamekusanyika sokoni."
3. Andika aya moja kuhusu barabara ya milimani unayoijua, ukitumia pa-, ku- na m- angalau mara mbili kila kimoja.