Mtandao Umepotea Usiku? Kwanza Angalia Simu ya Jirani

Tuseme ni saa saba na nusu usiku, uko Voi, na umepigiwa simu kutoka Wundanyi kwamba mtoto ana homa kali na wanatafuta gari la kumteremsha hospitalini. Dereva anataka shilingi 3,000 za mafuta kabla hajawasha injini. Unafungua menyu, unaweka namba, unaweka kiasi, unaweka PIN, unabonyeza. Simu inazunguka tu. Halafu zile alama za mtandao pale juu zinapotea zote, na ujumbe wa kuthibitisha haujaingia.

Sasa utume tena mtandao ukirudi, au usubiri? Ukituma tena na ile ya kwanza ilikuwa imepita, umetoa 6,000 ambazo huenda huna. Usipotuma na haikupita, gari halitoki.

Swali hili hutufikia mara kwa mara, na wengi wanaouliza huamini kwamba mitambo imeharibika. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi, hasa saa kama hizo, hakuna kilichoharibika. Ni mafundi wako kazini, wakifanya matengenezo ya kawaida ambayo yalipangwa mapema. Ukijua wanafanya nini huko juu, utajua pia pesa yako iko wapi.

Huko juu kuna nini

Ukiwa upande wa Wundanyi na hewa haina ukungu, utaiona minara iliyosimama kwenye kilele cha Vuria. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Voi uko chini kabisa, kama mita 600 hivi. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka. Mnara ulio mlimani unaona mbali, na yale madishi ya mviringo yaliyofungwa juu yake huzungumza na madishi ya minara mingine iliyoko tambarare, dishi kwa dishi, kama watu wawili wanaotazamana. Kwa hiyo busta ya kijijini kwako (wengi wetu tunaiita busta, na sisi hatuna ugomvi na jina hilo) inaweza kuwa nzima kabisa, ina stima na taa yake nyekundu inawaka, lakini simu yako haina kitu. Aliyezimwa ni mwenzake wa mlimani anayeipitishia mawasiliano.

Mnara wenyewe ni chuma tu. Kazi kubwa iko kwenye kabati lililo chini yake. Humo mna mitambo ya redio, kifaa kinachogeuza stima ya nyaya kuwa ile inayotumiwa na mitambo, na betri. Pembeni, sehemu nyingi, pana jenereta ya dizeli au paneli za sola. Yote haya yanahitaji kuangaliwa, na Taita Taveta ni kaunti inayoyachosha kwa namna mbili tofauti.

Kule chini, Voi, Maungu, Mwatate mpaka Maktau, adui ni joto na vumbi. Ile vumbi nyekundu inayopaka nguo zako ukisimama kando ya barabara ndiyo hiyo hiyo inayoziba vichujio vya hewa vya kabati, feni zikashindwa kupoza mitambo. Paneli za sola zikipakwa vumbi hutoa umeme kidogo. Betri nazo zinaumia zaidi. Zile za risasi, nzito kama za lori, hupenda joto la nyuzi 25 hivi, na kwa kila nyuzi 10 zinazozidi hapo maisha yake hupungua karibu nusu. Betri iliyotarajiwa kudumu miaka mingi sehemu ya baridi itazeeka Voi ikiwa bado kijana.

Kule mlimani mambo ni mengine: ukungu, mvua, upepo na radi. Upepo hulegeza vifungo vya dishi, na dishi likigeuka digrii moja tu, halimwoni tena mwenzake wa mbali. Radi inahitaji waya madhubuti wa kuipeleka ardhini, na waya huo huliwa na kutu kwenye maungio. Fundi hupanda na mkanda wa usalama, anakaza, anapima, anashuka. Jenereta nayo hubadilishwa oili na vichujio baada ya saa kadhaa za kazi, kama gari tu. Hata nyasi na nyuki wanaoweka mzinga karibu na kabati ni sehemu ya kazi hiyo.

Mengi ya hayo hufanywa bila wewe kujua. Lakini yapo ambayo hayawezekani mtambo ukiwa unafanya kazi: kubadilisha kifaa cha redio, kuunganisha betri mpya, au kuweka programu mpya ambayo lazima mtambo uzimwe na kuwashwa tena. Hayo ndiyo hupangwa kati ya saa sita usiku na alfajiri, wakati wengi wamelala. Tunakubali kwamba Voi hailali kama miji mingine. Malori yanapita usiku kucha, mabasi ya Mombasa na Nairobi yanasimama, na homa ya mtoto haiangalii saa. Bado, kuzima saa nane usiku kunaumiza watu wachache kuliko kuzima saa nne asubuhi soko likiwa limejaa.

Na kutozima kabisa kuna bei yake. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine hazikuiona kwa saa nyingi. Katika usiku kama ule, mnara unaishi kwa betri na jenereta. Betri ambayo haikupimwa ndiyo siku inayojitoa: inasema imejaa, halafu inakufa baada ya dakika chache, na kijiji kizima kinanyamaza.

Pesa yako iko wapi wakati huo

Minara si yetu. Sisi tunapitisha malipo juu ya mitandao ya wengine, na mnara ukizimwa tunalaumiwa sisi, jambo ambalo tumezoea. Lakini swali la pesa ni letu, na jibu lake ni hili: pesa haikai hewani. Haitoki kwenye simu yako ikasafiri hadi Vuria, ikakwama kwenye dishi pamoja na ukungu. Salio lako ni maandishi katika daftari lililo kwenye mitambo ya malipo, mbali sana na busta yoyote. Kutuma pesa ni kuandika mistari miwili katika daftari hilo, huku toa, kule weka, na mistari hiyo huandikwa yote kwa pamoja au isiandikwe kabisa.

Kwa hiyo mtandao ukikatika, kuna mambo mawili tu yanayoweza kuwa yametokea. Ombi lako lilikatika kabla halijafika kwenye daftari, na hapo hakuna kilichoandikwa, pesa yako ni ile ile. Au lilifika, yakaandikwa, na kilichokatika ni jibu la kurudi kwako. Hapo pesa imekwenda, ila ujumbe wako umewekwa kando ukisubiri simu yako ionekane tena. Ukiangalia kioo cha simu huwezi kutofautisha haya mawili. Ndiyo maana hatupendi ushauri wa “jaribu tena tu”.

Turudi kwa mtoto wa Wundanyi. Usitume tena. Azima simu ya mtu aliye kwenye mtandao mwingine, mpigie aliyeko nyumbani, muulize kama ujumbe umeingia kwake. Mnara uliozimwa ni wa upande wako, wa kwake unaweza kuwa unafanya kazi, na pengine dereva alishaona 3,000 zake wewe ukiwa bado unahangaika. Kama hajaona kitu, aangalie salio lake, kwa sababu ujumbe unaweza kuchelewa hata kama pesa imefika. Na wewe, mtandao ukirudi, jambo la kwanza ni salio lako, kisha taarifa fupi ya miamala. Hapo ndipo unaamua.

Kama tayari umetuma mara mbili, usisubiri huruma ya mpokeaji. Kwa wanaotumia M-PESA, ule ujumbe wa muamala usioutaka hutumwa kwa namba 456 ili kuomba urudishwe, na kila dakika ina maana, kwa kuwa pesa ikishatolewa kazi inakuwa ngumu.

Kuna kuzimwa kwa aina nyingine, ambako daftari lenyewe ndilo linalofanyiwa kazi. Aprili 2015 mitambo ya M-PESA ilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya, na kwa kazi kama hiyo huduma husimamishwa kwa wateja wote kwa saa zilizotangazwa. Utaitambua kwa urahisi: simu yako inapiga na kupokea kama kawaida, lakini menyu ya pesa inakataa. Hapo hata kuhama kutoka Voi hadi Mwatate hakusaidii, ni kungoja.

Kwa wenye biashara tuna neno moja. Mtu akishachukua kreti ya nyanya akakwambia “nimeshatuma, ni mtandao tu unasumbua, ujumbe utakuja”, anaweza kuwa mkweli. Anaweza pia kuwa amekuonyesha ujumbe aliouandika mwenyewe. Angalia salio lako, si simu yake. Kama huwezi kuliangalia, nyanya zibaki kwenye kibanda.

Na kwa walioko Taveta: busta ya kwenu ikizimwa, simu inaweza kujishikia mtandao wa Tanzania kutoka upande wa Holili bila kukuuliza. Ukiona jina geni la mtandao kwenye kioo, kumbuka gharama zimebadilika. Kwenye mipangilio ya simu unaweza kuchagua mtandao wako mwenyewe, badala ya kuiachia simu ichague.

Yule anayekwambia uzime simu

Tumeliacha hili nyuma kwa sababu ndilo linalomaliza watu. Unapigiwa simu na sauti yenye adabu: “Tunafanya matengenezo ya mitambo eneo la Voi, tafadhali zima simu yako kwa saa mbili ili laini yako isiharibike.” Wakati mwingine anaomba na namba ya kitambulisho, au PIN “ya kuthibitisha”. Inasikika vizuri kwa sababu ni kweli kwamba matengenezo hufanyika.

Lakini umeshaona kazi yenyewe ni ipi. Ni oili, betri, vumbi, vifungo vya dishi. Hakuna hata moja inayohitaji simu yako izimwe. Mnara huzimwa ukiwa huko mlimani, na simu yako inakosa mtandao tu, kisha inaurudia yenyewe. Anayekutaka uzime anataka usione laini yako ikikatika wakati yeye anaihamishia kwenye kadi nyingine. Ukija kuwasha, ameshaingia kwenye akaunti.

Njia ya kutofautisha ni simu ya jirani. Mnara ukizimwa, wote walio karibu kwenye mtandao ule ule wanakosa: wewe, mwenye duka, makanga wa pale steji. Ukiona wao wanapiga simu kwa mtandao kama wako na ni wewe peke yako unayeandikiwa hakuna huduma, hata baada ya kuzima na kuwasha simu, basi hilo si la mlimani. Azima simu hiyo hiyo ya jirani, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, waambie laini yako huenda imehamishwa, wafunge laini na akaunti ya pesa papo hapo. Kisha chukua kitambulisho chako uende dukani kwao mara tu wanapofungua. Hiyo simu ya kwanza usiingoje asubuhi, hata kama ni saa tisa usiku na jirani amelala.